Disketi ya Immakulata

Kompyuta ya binti yangu Immakulata niliifunga kwenye blanketi la kijivu, nikaitia ndani ya gunia la mahindi, nikashona mdomo wa gunia kwa kamba ya katani. Kioo chake, kile cha kizamani chenye mgongo mrefu, nilikifunga peke yake kwa khanga mbili. Ilikuwa Jumanne. Immakulata alikuwa na miezi kumi na moja kaburini, na kuganduka kulikuwa kumebaki wiki tatu.

Kuganduka ndiyo siku ya kumaliza matanga. Kwetu mtu akifa hatugawi kitu, wala hatusemi nani atachukua nini, mpaka mwaka utimie. Siku hiyo ndugu wanakaa, vitu vya marehemu vinapangwa kama alivyoviacha, na neno lake, kama aliacha neno, linasikika mara moja mbele ya wote. Wengine humwachia mzee fulani mdomoni, wengine huandika karatasi. Immakulata aliliacha lake kwenye disketi.

Alifanya kazi kambini Mtendeli, kwenye chumba cha kompyuta cha vijana, mpaka kambi ilipofungwa. Kompyuta nzima zilipelekwa kwingine, zile kongwe wakapewa wafanyakazi. Yeye akaleta hii hapa Kibondo, akaiweka kwenye duka lake la steshenari nyuma ya soko, kando ya mashine ya kopi. Haikuwa na intaneti. Haikuwa hata na sauti. Alitafuta kadi ya sauti kwa wauza vyuma chakavu, akaipachika mwenyewe kwa bisibisi ya cherehani yangu, kisha akaanza kuiandikia programu.

Mimi mchana nilikuwa nakaa pale dukani, nachambua maharage kwenye ungo, yeye anaandika. Akikwama anazungumza na mimi, ingawa nimeishia darasa la saba.

“Mama, kompyuta haisikii,” alisema. “Inapima. Kwa sekunde moja inachungulia hewa mara elfu nane, kila mara inaandika namba moja.”

“Namba gani?”

“Kuanzia sifuri mpaka mia mbili hamsini na tano.”

“Basi watu wakinyamaza inaandika sifuri.”

“Hapana. Kimya ni mia moja ishirini na nane. Kimya lazima kikae katikati, ili sauti ipate pa kupanda na pa kushuka.”

Nilimwambia hiyo namba ni kubwa mno kwa kitu ambacho hakipo. Akasema hata mwalimu wake alishangaa hivyo hivyo.

Wiki za kwanza sauti zilitoka na mikwaruzo, ta, ta, ta, kama mahindi yanayopasuka kwenye kikaango. Mashine ilikuwa nzito. Ikienda kuandika kwenye disketi ilikuwa haisikilizi, ikirudi kusikiliza neno limeshapita. Alihangaika siku nyingi. Nikamwambia, mbona sisi kisimani tunakwenda na ndoo mbili? Moja inakinga maji, nyingine inakwenda kumiminwa kwenye pipa, bomba halisubiri mtu. Aliniangalia muda mrefu. Siku ya pili akaigawa kumbukumbu ya mashine mafungu mawili, moja linajaa wakati jingine linamiminwa, na mikwaruzo ikaisha.

“Mama, wewe ungekuwa injinia,” alisema. “Tatizo baba alikuwahi.”

Baba yake, Leonidasi, ni marehemu zamani. Tulicheka sana siku ile.

Disketi moja ilibeba dakika tatu, sekunde mia moja na themanini. Wazee walikuja kuweka sauti zao, wale waliovuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili kama mimi niliyevuka mgongoni mwa mama yangu. Walitaja koo zao, vilima walivyotoka, nyimbo za kuchungia ng’ombe. Lakini waliogopa kugusa kibodi. Mmoja alikibonyeza kitufe kwa fimbo. Kwa hiyo Immakulata akaiandika programu iwe inajianzia yenyewe. Ikifunguliwa, inangoja. Kwenye kioo kuna mstari wa kijani umelala. Mtu akisema neno kwenye maiki, mstari unatikisika, namba za sekunde zinaanza kupanda, na sauti inaandikwa tangu mwanzo wa disketi. Mtu akinyamaza sekunde tano, inasimama. Kama disketi ilikuwa na sauti nyingine, ile ya zamani inafutika kadiri mpya inavyokwenda. Yeye hilo halikumsumbua, kila mzee alikuwa na disketi yake yenye jina.

Kisha akaumwa figo. Miezi minne tu. Baada ya mazishi nilikuta disketi yake kwenye mkebe wa biskuti, ameandika kwa kalamu nyekundu: Immakulata, siku ya kuganduka.

Hapo ndipo niseme lililokuwa moyoni mwangu. Aliacha mtoto mmoja, Divine, miaka tisa. Baba wa mtoto alirudi Burundi kambi ilipofungwa na hakuleta habari tena. Dada wa huyo baba, Niyubahwe, ameolewa Rungwe Mpya, wilaya ya Kasulu, ana shamba zuri na hakujaliwa mtoto. Tangu siku ya mazishi watu walikuwa wananiuliza chini chini Divine atakaa wapi. Nilikuwa nawajibu tusubiri neno la mama yake. Lakini nilimtaka abaki kwangu. Watoto saba nimezaa, wanne nilizika kabla yake, wawili wako mbali, na Immakulata alikuwa ndiye wa nyumbani.

Basi nilimpelekea Fidele ile mashine Kasulu, kwa sababu ilikuwa haiwaki. Fidele na Immakulata walifanya kazi pamoja kule Mtendeli, sasa anatengeneza simu na redio kwenye kibanda karibu na stendi. Alizikagua nyuzi za gunia kwa macho kwanza, akazunguka, akasema, “Mama, hii sipiyu umeileta kama mgonjwa.”

“Ni mgonjwa,” nikasema.

Alibadilisha kibetri kidogo cha mviringo na waya mmoja. Akachomoa maiki, akanipa niishike, akasema hatutaihitaji. Ikawaka. Programu ikauliza kasi. Fidele akakisia, akaandika elfu kumi na moja. Ikatoka sauti nyembamba ya haraka haraka, kama mtoto anayekimbia akiongea. Ilifanana kabisa na sauti ya Divine. Fidele alitaka kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

“Elfu nane,” nilimwambia. “Aliniambia elfu nane.”

Akaandika elfu nane. Akatoka Immakulata.

“Mimi Immakulata binti Leonidasi, leo nina akili zangu timamu, nasema haya kwa ndugu zangu.” Alisalimia wote. Alisema cherehani irudi kwangu na mashine ya kopi iuzwe. Kwenye kioo sekunde zilikuwa hamsini na mbili aliposema, “Sasa kuhusu mwanangu Divine.”

Fidele alibonyeza, ikasimama. “Mama, hili ni la kwenu. Mimi nakwenda kunywa chai. Ukitaka iendelee, bonyeza hii. Lakini kwanza niinakili kwenye flashi? Disketi hizi zimechoka, mama, siku yoyote inakufa.”

Nilikataa. Neno la marehemu halitembei kabla ya siku yake, wala haliwekwi mahali pawili. Alinibembeleza mara mbili, nikakataa mara mbili. Akaenda.

Na mimi nilitakiwa kutoka. Nilikaa. Nilibonyeza.

“Divine aende kwa shangazi yake Niyubahwe, Rungwe Mpya,” alisema. “Mama, usikasirike. Umelea sana. Usiku nakusikia unavyoshika ukuta ukienda nje. Ukinilelea na huyu utalea umesimama mpaka uanguke, na yeye atabaki na maiti ya pili kabla hajavunja ungo. Niyubahwe hajanidai kitu, mimi ndiye niliyemwomba. Likizo aje kwako.” Hapo sekunde zilikuwa mia moja na tatu. Baadaye alishukuru watu kwa majina, mmoja mmoja, kisha akasahau kuizima, na zikabaki sauti za dukani tu.

Nilingojea nisikie uchungu. Haukuja. Nilihesabu simu mbovu zilizoning’inia ukutani kwa Fidele, zilikuwa ishirini na sita. Aliporudi akauliza kama yote yamesikika vizuri, nikamwambia yamesikika vizuri. Tukalishona gunia upya.

Wiki tatu zile nilifanya kazi kama kawaida. Nilivuna maharage, nikayapepeta. Nilimnunulia Divine soksi za shule pea tatu. Alilala kwangu kila siku, mguu wake juu ya tumbo langu, na mimi nilikuwa nauondoa taratibu nauweka pembeni, unarudi. Sikumwambia mtu.

Siku ya kuganduka walikuja watu arobaini hivi. Niyubahwe alifika asubuhi na debe la maharage na mkungu wa ndizi, akaenda moja kwa moja jikoni akaanza kuosha vyombo. Shemeji yangu Hatungimana, kaka wa Leonidasi, ndiye aliyekuwa mkubwa wa shughuli. Alikuwa katekista miaka thelathini na sala zake zinajulikana. Vijana wana mchezo wao, anapoanza sala wanaangalia saa.

Vitu vya Immakulata nilivipanga mwenyewe sebuleni siku moja kabla. Viatu vyake mlangoni. Cherehani dirishani. Kompyuta kwenye meza yake ile ile ya dukani, kikombe cha kalamu kulia, mkasi kushoto. Maiki nilikuwa nayo kwenye mfuko wa sketi tangu Kasulu. Waya wake una kichwa cha rangi ya waridi, na nyuma ya mashine kuna tundu la rangi ya waridi. Niliichomeka. Nilitaka kila kitu kiwe kama alivyokiacha. Nasema kweli, wakati ule sikuwaza lolote.

Fidele alifika saa nane mchana kutoka Kasulu. Akawasha mashine, akaingiza disketi, akafungua programu, akaandika elfu nane. Mstari wa kijani ukalala kwenye kioo. Kabla hajabonyeza kitu taa ya sebuleni ikafifia, akasema waya wa kuunganishia umelegea kwa jirani, akatoka mbio kwenda kuushika vizuri.

“Msiguse mpaka nirudi,” alisema mlangoni.

“Hakuna atakayegusa,” akajibu Hatungimana. “Sisi tunasali kwanza.”

Watu wakasimama. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka mezani. Hatungimana akafunga macho, akasema, “Kwa jina la Baba,” na mstari wa kijani ukainuka.

Niliuona. Nimeuona mstari ule miaka mitatu nikichambua maharage, hakuna aliyeujua pale ndani kuliko mimi. Namba zikaanza. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika kwenye kuwaombea waliotutangulia zilikuwa kumi na tisa, na salamu za Immakulata zilikuwa zimeshakwenda. Kwetu mtu hakatizi sala. Hiyo ndiyo sababu ningeitoa kama mtu angeniuliza. Lakini kuchomoa waya hakuhitaji kusema neno. Mkono wangu ungefika.

Thelathini. Arobaini. Cherehani imekwenda, mashine ya kopi imekwenda. Hatungimana aliwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na watu wanaitikia, “Uwape raha ya milele,” na kila kiitikio mstari unaruka mpaka juu ya kioo. Hamsini na mbili. Nilisimama. Mikono yangu ilikuwa mbele, nimeikunja juu ya khanga. Sitini, sabini. Divine alikuwa kando yangu amefumba macho sana, kama watoto wanavyofumba wakitaka waonekane. Themanini. Tisini. Sikuwa na hasira na Immakulata, wala sikuwa na furaha. Nilikuwa naangalia tu, namba zinapita. Mia moja na tatu ilipopita nilijua kwamba sasa duniani neno lile liko kwangu peke yangu.

Sala iliisha kwenye mia moja arobaini na tisa. Watu wakanyamaza kidogo kwa heshima ya marehemu, na programu ikasimama, kama alivyoiandika.

Fidele akarudi anafuta mikono kwenye suruali. Akabonyeza kitufe cha kusikiliza, akasogea pembeni. Kwenye spika tukasikia, “Kwa jina la Baba.”

Mwanzoni watu walidhani ni Immakulata aliyemrekodi Hatungimana zamani. Mmoja akasema, “Hata huko umefika, mzee.” Kisha wakasikia kikohozi cha mtoto aliyekohoa dakika tatu zilizopita, wakageuka wakamtazama yule mtoto. Fidele alikuwa ameinama nyuma ya meza. Akainuka na waya wenye kichwa cha waridi mkononi.

“Nani aliichomeka hii?”

“Mimi,” nikasema. “Ndivyo ilivyokuwa dukani.”

Aliuweka waya mezani. Aliketi kwenye ncha ya kochi. Hakuna aliyekwenda kuizima, kwa hiyo tuliisikiliza sala nzima mara ya pili. Ilipoisha pakawa na kimya kidogo, halafu sauti ya mvua kwenye bati, na mtu anaomba kopi ya cheti cha kuzaliwa. Immakulata akamjibu, “Njoo kesho baba, wino umekwisha. Hapana, hata nusu haitoki.” Mtu akasema kitu tena. “Nimekwambia kesho. Mbona wewe ni king’ang’anizi kama mkweo?”

Watu walicheka, kwa sababu ndiye mwenyewe. Baadhi walicheka wakilia. Kisha disketi ikafika mwisho.

Hatungimana alivua kofia yake. “Nimemfuta mtoto wa ndugu yangu kwa sala,” alisema. Alisema polepole, kama anayejifunza. “Fidele, huwezi kuirudisha?”

“Hapana, mzee. Pale alipokuwa yeye sasa uko wewe. Na nakala hatukufanya.” Hakuniangalia. “Lakini kule Kasulu ilisikika. Mama aliisikiliza.”

Wote wakanigeukia.

“Shemeji,” Hatungimana akaniita, “ulimsikia kuhusu mtoto?”

“Nilimsikia.”

“Alisema akae wapi?”

Jibu lilikuwa limeshapangwa. Nilikuwa nimelipanga tangu mia moja na tatu, au labda tangu Kasulu, sijui. Abaki kwa bibi yake. Maneno manne, na hakuna mtu pale ambaye angeshangaa. Niyubahwe alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, mikono yake bado ina povu la sabuni, anaangalia sakafu. Alikuwa anajua alichoombwa na marehemu, na hakufungua mdomo. Alikuwa ameshalikubali jibu langu kabla sijalisema. Nilifungua kinywa niseme yale manne, yakatoka mengine.

“Aende Rungwe Mpya kwa shangazi yake,” nilisema. “Likizo aje kwangu.”

Hatungimana akauliza kama nina hakika. Nikarudia. Niyubahwe akajifunika uso kwa upande wa kitenge. Wanawake wakaenda kupakua chakula, pombe ya ndizi ikaletwa, na kuganduka kukaisha vizuri, watu wakaondoka jua likiwa bado juu.

Divine hakulia wala hakuuliza kitu kwa siku mbili. Nilimfungashia nguo zake kwenye begi la mama yake, soksi pea tatu, daftari, mswaki, khanga yangu moja ya kujifunikia. Alhamisi asubuhi nikawasindikiza stendi. Niyubahwe akaenda kukata tiketi, tukabaki wawili kwenye benchi, begi katikati.

“Bibi,” akasema, “mama alisema kweli niende? Au wewe ndiye umechoka?”

“Mama yako alisema.”

“Wewe ndiye uliyechomeka waya.”

“Ndiyo.”

“Na ulikuwa umesimama karibu. Mimi nilifumbua macho kidogo. Ulikuwa unaangalia kwenye kioo.”

Nilimwambia ndiyo, nilikuwa naangalia. Alingoja niendelee. Nilitafuta namna ya kumwambia kwamba niliacha ifutike kwa sababu nilimtaka abaki, lakini hata masikioni mwangu mwenyewe lilikuwa neno ambalo mtu hawezi kulisema huku amefungasha begi. Nilimfunga kifungo cha juu cha sweta. Kilikuwa kimeshafungwa, nikakifungua nikakifunga tena.

“Alisema kwa sauti gani?” akauliza.

“Sauti yake ya kawaida.”

“Ningemsikia yeye mwenyewe ningeamini,” alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayenieleza kitu ambacho sikukijua.

Niyubahwe akaja na tiketi mbili, akanipigia goti, akachukua begi. Divine akanipa mkono kama wanavyofundishwa shuleni, akapanda. Alikaa dirisha la upande wa pili, kwa hiyo sikumwona basi lilipoondoka. Nilibaki kwenye benchi mpaka vumbi likatulia, kisha nikarudi nyumbani kwa miguu, nikatandika kitanda.